Miezi Mitatu ya Herufi L

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: "Mwalimu, leseni nitapata lini?" Huulizwa siku ya kwanza, kabla mtu hajajua klachi inakanyagwa kwa mguu gani. Nimekaa kiti cha kushoto miaka mingi, mguu wangu juu ya breki ya pili, na bado sijampata mwanafunzi aliyeniuliza: "Mwalimu, nitaendesha lini usiku?" au "Tutatoka lini mvua ikinyesha?" Hilo swali lisiloulizwa ndilo ninalotaka kulieleza leo, kwa sababu ninaamini leseni ya kwanza tunaitafuta kwa kuangalia upande usio wake.

Njia yenyewe haina fumbo. Kwa gari dogo hapa Tanzania unatakiwa uwe umetimiza miaka 18. Unahitaji namba ya mlipakodi, TIN, ambayo hutolewa bure, na kitambulisho cha taifa. Unalipa shilingi 10,000, unapata leseni ya kujifunzia, ile ambayo mitaani tunaiita lena. Unasoma katika chuo cha udereva kinachotambulika, unapewa cheti. Unalipa shilingi 3,000 za mtihani na kwenda kwa mkaguzi wa magari wa polisi, anakupima kwa maswali kisha kwa usukani. Ukifaulu, Mamlaka ya Mapato inachukua picha yako, alama za vidole na saini, unalipa shilingi 70,000 kwa namba ya malipo, na kadi unayopewa inadumu miaka 5. Hadi mwaka 2019 ilikuwa shilingi 40,000 kwa miaka 3.

Watu wengi huipima njia hii kwa foleni na kwa fedha. Mimi huipima kwa kipande kimoja: ile lena ya shilingi 10,000. Inadumu miezi 3, na muda ukiisha kabla hujawa tayari unailipia tena. Wanafunzi huiona kama risiti ya kusubiria kadi yenyewe. Wengine huikunja, wakaisahau kwenye mkoba, wakaitafuta siku ya mtihani tu. Lakini isome vizuri masharti yake. Inakuruhusu kuingia barabara ya umma ukiwa hujui, mradi dereva mwenye leseni akae kando yako na gari libebe herufi L mbele na nyuma. Katika mlolongo wote wa udereva, hiyo ndiyo leseni pekee inayokupa mtu wa kukushika unapokosea. Ukishapata kadi, kiti cha kushoto kinabaki kitupu, au anakaa abiria ambaye macho yake yako kwenye simu.

Herufi L tumeirithi kutoka Uingereza, ambako ilianza kutumika mwaka 1935 pamoja na mtihani wa lazima wa udereva. Sisi tunayo katika Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Wazo lake ni la kiungwana kabisa: linawaambia wengine barabarani, huyu bado anajifunza, mpe nafasi. Hapa kwetu, nasikitika kusema, mwenye L hupigiwa honi kuliko mtu yeyote. Nimeona daladala ikimbana mwanafunzi kwenye kipilefti ambako wengine walikuwa wamempisha vizuri, kwa sababu tu kondakta aliona kibao cha L akajua huyu hatabishana.

Kwa nini miezi hiyo ina thamani? Tafiti za nchi nyingi zimekubaliana juu ya jambo moja. Mwanafunzi anapokuwa na msimamizi kando yake, ajali zake ni chache sana. Anapoachwa peke yake hatari inapanda ghafla, na miezi ya mwanzo ya leseni kamili ndiyo mibaya kuliko yote katika maisha yake ya udereva; baadaye inashuka taratibu kadiri anavyozidi kuendesha. Maana yake ni kwamba mtihani haugeuzi mtu kuwa dereva. Kinachomgeuza ni saa alizokaa nyuma ya usukani, na swali linabaki moja tu: saa hizo azikae akiwa na mtu, au azikae peke yake?

Ukikaa kiti changu utaona sababu kwa macho yako. Dereva mpya hutazama karibu na boneti, kama mtu anayetembea gizani akitafuta pa kukanyaga. Hutazama vioo mara chache, na akitazama hukaa navyo muda mrefu kupita kiasi. Mzoefu hutupa macho mbali, akayarudisha, akayapeleka pembeni, akagusa kioo, yote hayo bila kujiambia. Anaona miguu chini ya basi lililosimama kituoni kabla hajamwona mwenye miguu. Anaona tairi la mbele la bodaboda limeanza kugeuka kabla indiketa haijawaka, kama itawaka. Hayo huwezi kuyafundisha ubaoni. Ubaoni nitakufundisha kwamba pembetatu yenye mpaka mwekundu ni onyo na duara lenye mpaka mwekundu ni katazo, nawe utalijua jioni hiyohiyo. Macho yanataka wiki na wiki.

Nikupe mfano wa karibu. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, mama mtu mzima, muuguzi wa zamu, anayeishi Kigamboni. Uwanjani alikuwa hodari: gia zake laini, rivasi yake imenyooka. Wiki ya sita nikamwambia leo tunavuka na pantoni. Kwenda haikuwa shida. Kurudi, pantoni ilipofunga upande wa Kigamboni, magari yakaanza kutoka, na foleni ikasimama sisi tukiwa katikati ya ule mwinuko wa kutokea. Nyuma yetu bajaji. Kushoto mkokoteni wa matenga ya nyanya, mwenyewe ameuegemeza kwa bega. Kulia watu wanapita wamebanana, mtoto amebebwa shingoni. Foleni ikasogea, mama akaachia breki, gari likarudi nyuma kiasi cha shibiri. Honi zikaanza.

"Mwalimu, wananipigia mimi."

"Waache, mama. Vuta handibreki kwanza."

Akavuta. Mguu wa kushoto ulikuwa unatetemeka juu ya klachi mpaka goti. Nikamwambia asiangalie kioo, asikilize injini. Kanyaga mafuta kidogo, kisha pandisha klachi polepole, polepole zaidi. Sasa sikiliza: mlio unashuka, unakuwa mzito, na boneti inajiinua kidogo kama mtu anayevuta pumzi. Hapo hapo. Usiongeze, usipunguze. Achia handibreki. Gari likapanda bila kurudi hata inchi. Tulipofika juu aliegesha pembeni, akafuta viganja kwenye sketi yake, akasema, "Kumbe ndiyo hii." Mambo hayo tulikuwa tumeyafanya uwanjani mara thelathini, juu ya kichuguu cha mchanga. Lakini uwanjani hakukuwa na mkokoteni wa mtu, na hakukuwa na mtoto.

Wapo watakaoniambia habari za klachi zimepitwa na wakati, kwamba leo kila mtu atanunua Toyota IST ya oto kutoka Japani. Ni kweli wengi watanunua. Nami huwaambia wajifunze gari la gia kwanza wakiweza, kisha wakienda kwenye oto wajifunze upya, kwa makusudi, kwamba mguu mmoja tu wa kulia ndio unaofanya kazi ya mafuta na ya breki. Mguu wa kushoto uliozoea klachi ukikanyaga breki ya oto kwa nguvu zilezile, gari linasimama kama limegonga ukuta, na aliye nyuma hana habari.

Nirudi kwenye miezi mitatu, maana hapa ndipo hesabu yetu ina kasoro. Mtu akichukua lena mwanzoni mwa Juni, anamaliza mwisho wa Agosti. Kwa Dar es Salaam na pwani yote hicho ni kipindi cha barabara kavu na jua la upole. Anafaulu mtihani, anapata kadi, anaendesha vizuri tu mpaka mvua zinapokuja, nazo zinamkuta ni dereva kamili ambaye hajawahi kugusa breki kwenye maji. Hajui kwamba mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo inayoteleza kuliko zote, kwa sababu mafuta na vumbi la miezi mingi vinaelea juu ya lami kabla havijasombwa. Hajui kwamba kioo cha mbele kitaingia ukungu kwa pumzi zake mwenyewe, na kwamba dawa yake ni kuelekeza upepo wa gari juu ya kioo. Anafika Jangwani, maji yamekatiza barabara, gari la mbele yake limepita, naye anafuata. Gari la mbele lilikuwa limeinuka kuliko lake.

Usiku ni hivyohivyo. Vyuo vyetu vingi hufundisha asubuhi mpaka alasiri. Jua la Dar huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, na kwa wengi wetu safari muhimu kuliko zote, ile ya kurudi nyumbani kutoka kazini, ni ya giza. Taa za anayekuja zinakupiga usoni. Mwenda kwa miguu amevaa nguo nyeusi. Baiskeli haina hata kiakisi. Nani alikaa na wewe mara ya kwanza ulipokutana na hayo? Kwa wengi jibu ni: hakuna mtu.

Nchi nyingine zimelishughulikia jambo hili kisheria. New Zealand tangu 1987 imegawa leseni kwa hatua. Mwenye leseni ya kati haruhusiwi kuendesha peke yake kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Ujerumani nako mwanafunzi wa gari dogo haachwi akutane na giza peke yake: kabla ya mtihani lazima awe amefanya vipindi 5 vya barabara za nje ya mji, 4 vya barabara kuu za kasi na 3 vya usiku, kila kimoja dakika 45. Sipendekezi tuige kila kitu chao. Lakini angalia walichokihesabu. Wamehesabu hali ambazo mtu amezipitia.

Na sisi tunalijua hilo, kwa sababu sheria yetu wenyewe inalisema pale inapofika kwenye mabasi. Daraja C, la kuendesha gari la abiria 30 au zaidi, halipatikani kwa kufaulu mtihani peke yake. Ni lazima mtu awe ameshika daraja C1 au E kwa muda usiopungua miaka 3. Yaani kwa dereva wa basi tunakubali kwamba muda ni sharti, na kwamba hakuna jibu la maswali linaloweza kusimama badala yake. Kwa kijana anayeingia barabarani mara ya kwanza, muda tumempa miezi mitatu, kisha tukamwacha aamue mwenyewe kama ataitumia au ataisubiri iishe.

Nigusie madaraja kwa ufupi, maana watu huumia hapo. Daraja B ni la gari la binafsi, lisilo la biashara wala abiria wa kulipa. D linapanuka zaidi lakini haligusi magari makubwa, mabasi wala pikipiki. Pikipiki ni A na ndugu zake. Mwenye D anayeazima bodaboda ya jirani kwenda dukani, mbele ya sheria hana leseni, na siku ya ajali kampuni ya bima itaisoma kadi yake kwa makini kuliko alivyowahi kuisoma yeye.

Sasa kuna wale wanaoiuza miezi hii. Mwanafunzi wangu mmoja alifuatwa nje ya ofisi ambayo sitaitaja na mtu aliyemwambia asijisumbue, atoe fedha, akae nyumbani, kadi itamfuata. Tunawaita vishoka. Alikuja kuniuliza kama ni kweli inawezekana. Nilimwuliza swali moja: huyo kishoka anakupunguzia nini hasa? Ada ya serikali iko palepale. Kadi ni ileile. Kitu pekee anachokuondolea ni mazoezi, na wewe unamlipa akuondolee. Kisha utakwenda kuyatafuta mazoezi hayohayo Morogoro Road, peke yako, ukikata kulia mbele ya basi la mwendokasi.

Vyuo navyo tuambiane ukweli, na nasema nikiwa ndani yake. Kuna kozi za wiki mbili ambazo wanafunzi wanne wanapanda gari moja, kila mmoja anashika usukani dakika 20, na wengine wanakaa nyuma. Piga hesabu: siku 10 za kazi, dakika 200. Hizo hazifiki saa tatu na nusu. Mtu anatoka na cheti chenye muhuri halali kabisa, na saa tatu na nusu za usukani. Hakuna mwalimu, hata awe hodari vipi, anayeweza kufundisha macho kwa saa tatu na nusu.

Madhara yake nayaona kwenye ile namba 50. Kila anayesafiri nchi hii anajua kibao cha 50 kijijini, na anajua trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo chini ya mwembe. Madereva wengi wanaamini kibao kile kimewekwa kwa ajili ya faini. Basi tupige hesabu nyingine. Kwa kilomita 50 kwa saa, gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Mpe dereva sekunde moja na nusu ya kuona, kuelewa na kuhamisha mguu: ameshakwenda mita 21. Kwenye lami kavu, na matairi mazuri, breki zinamsimamisha ndani ya mita 14 nyingine. Jumla mita 35. Sasa mwenye 80. Katika sekunde hiyo moja na nusu amekwenda mita 33. Yaani pale ambapo wa 50 ameshasimama, wa 80 ndiyo kwanza mguu wake unagusa breki, na mbele yake zimebaki mita 36 nyingine za kuburuza matairi. Kama mtoto amekimbilia mpira mita 35 mbele, huyu wa pili anamfikia mtoto akiwa bado na kasi karibu yote aliyokuwa nayo.

Hesabu hii huwa naifanya kwa miguu. Nampeleka mwanafunzi kwenye barabara tulivu ya mtaani, tunashuka, tunahesabu hatua 35 pamoja, tunageuka kuangalia gari lilipo. Kisha tunaendelea hadi 69, jumla ya yule wa 80. Sijawahi kumpata aliyebaki na swali juu ya kibao. Inachukua dakika 10, lakini inataka mwanafunzi ambaye hana haraka ya kwenda mtihani.

Ninachokiomba kwa wenye mamlaka ni kidogo na hakihitaji mitambo. Lena itolewe pamoja na daftari. Kila safari iandikwe: tarehe, muda, barabara, hali ya hewa, mchana au usiku, na saini ya aliyekaa kushoto. Mkaguzi alifungue kabla ya kuuliza alama ya kwanza ya barabarani. Kama hakuna hata mstari mmoja wa usiku, mwanafunzi arudi akaendeshe usiku. Kama ni msimu mkavu, basi iandikwe hivyo, na mwenyewe ajue anachodaiwa na barabara mvua zikianza. Daftari linaweza kughushiwa, najua. Cheti pia kinaghushiwa. Lakini mzazi anayemlipia mtoto ada atakuwa na kitu cha kusoma, na mwalimu mvivu atakuwa na kurasa tupu za kuelezea.

Wewe unayeanza leo, usisubiri sheria. Nunua daftari la shule la kurasa 40. Mwombe shangazi, kaka, jirani mwenye leseni na mwenye subira, akae kando yako nje ya saa za chuo. Bandika L zote mbili, usione haya. Panga safari tano ambazo utazifanya kila wiki ukishakuwa na gari lako, kama kazini, sokoni, hospitali, msibani mkoani, na kanisani au msikitini alfajiri, na zote zifanye kwanza ukiwa na mtu. Mtihani uchukue ukishachoka kuogopa. Miezi 3 ikiisha mapema, lipa 10,000 nyingine.

Yule mama muuguzi alilipa mara mbili. Wenzake wa darasa moja walikuwa wameshapata kadi, wakimcheka kidogo, naye bado ana L. Alikuwa anasubiri masika. Ilipofika Aprili alinipigia simu saa mbili usiku, mvua inapiga bati mpaka simsikii vizuri, akasema mume wake amekubali kukaa kushoto, anataka nijue tu kwamba wanatoka. Asubuhi yake alinionyesha daftari. Karatasi ilikuwa imelowa pembeni, wino umetanda, lakini mstari ulisomeka: Kigamboni hadi Mbagala kupitia Kongowe, usiku, mvua kubwa, saa 1 na dakika 20, tumesimama mara mbili kusubiri ipungue.